Taa ya Anayepumua

Jumatano, 2 Novemba 2011

Leo wamenivisha bango. Kipande cha boksi, kamba ya katani, maandishi ya makaa: MIMI NI MWALIMU WA KILA MTU ISIPOKUWA NAFSI YANGU. Nimelisoma mara mbili. Halina kosa. Hilo ndilo lililoniuma.

Sababu ni Sherdil. Katika kikao cha asubuhi alikuwa akilia, akisimulia jinsi alivyouza lori la baba yake kwa ajili ya unga wa kulevya, na katikati ya kilio akavuruga sentensi. Nikamkatiza, nikamsahihisha. Nyumba nzima ikanigeukia! Sherdil akafuta kamasi kwa mkono wa sweta, akasema: Ustadh, niache nimalize kulia kwanza, halafu nitakuja ubaoni.

Kicheko. Kisha bango.

Nitalivaa hadi Ijumaa, mezani na msalani. Ndiyo desturi ya nyumba hii ya kuacha unga: ugonjwa wako unatembea mbele yako ili uuone. Vema. Lakini nilifundisha lugha mjini Khorog tangu ndevu zangu zilipoota, na hata afyuni ilipoingia kwa ajili ya goti, na unga ukaja nyuma ya afyuni, sikuacha kusema ipasavyo. Kila kitu niliuza. Hilo sikuliuza.

Goti la kushoto linauma leo. Theluji iko njiani.

Ijumaa, 4 Novemba

Bango limevuliwa. Hapohapo Khudoyor akaniita.

Khudoyor ndiye mkuu wa nyumba. Naye alikuwa mtumiaji zamani. Sauti yake ni ya chini, hakasiriki, hatanii, hasahau. Ni mtu mwema — nilitaka kuandika neno jingine, sikulipata.

Alisema: "Ustadh, unga umeuacha. Lakini aliyekuwa akiutumia bado yumo humo ndani, anasahihisha watu, anangoja mtoke naye."

Basi amefika kwenye taa. Nilijua atafika. Mgeni akiingia hapa koti lake huzikwa chini ya mti wa mpopla, kando ya mto. Langu lilizikwa siku ya kwanza — lile jeusi, lenye kifungo kimoja cheupe cha mfupa alichonishonea marehemu mke wangu kwa sababu cheusi hakikupatikana. Miezi ikipita na mtu akisimama imara, humnyoa kichwa, humwashia taa tunayowawashia wafu wetu jioni ya tatu, kisha jina lake la zamani halitamkwi tena. Hupewa jipya.

Nikamwambia, taa ya marehemu haiwashiwi anayepumua. Akanijibu kwa upole kwamba katika wote waliowashiwa, hakuna hata mmoja aliyerudi kwenye unga.

Hilo ni kweli. Nimeuliza.

Nikataka kujua huiwashaje. Aibu tupu! Mshumaa wa dukani. Biskuti badala ya kondoo. Sherdil husoma anachokumbuka, na asichokumbuka hukivumisha puani. Mchezo wa watoto! Nikasema: jambo likifanywa, na lifanywe linavyofanywa.

Khudoyor akanijibu:

"Basi lifanye wewe, Ustadh."

Jumapili, 6 Novemba

Siku ya simu. Nilizungumza na binti yangu Oshurmo. Nilimwomba aniletee pamba kutoka kwenye godoro langu, ngumi moja tu. Akashangaa. Pamba ya nini, baba? Nikamwambia ya sikio. Uongo mdogo. Pamba ya utambi sharti itoke nyumbani kwa mwenyewe, na kumweleza kungekuwa kumtisha bure.

Amekipaka chokaa chumba changu. Mwisho wa mwezi atakuja kunichukua.

"Njoo na ukali wako wote, baba, nitauvumilia. Nikosoe mpaka nitoke machozi. Usije tu na unga. Ukija na unga, mlango sifungui, nakuapia."

Nikamwambia kuapa hovyo si adabu. Akacheka sana. Nilisikia kwamba analia pia.

Nikirudi kwenye unga, sina binti. Kwa hiyo taa. Kama taa ndiyo kufuli, na ifungwe vizuri.

Alhamisi, 10 Novemba

Pamba imefika pamoja na soksi mbili. Nimeisokota utambi mwenyewe, kwenda kulia, bila fundo, kama nilivyofundishwa na baba yangu, aliyeitwa misibani bonde zima. Samli ya taa nimeichuja. Kondoo amenunuliwa kwa mchango wa nyumba.

Bibi Niyozmo, mpishi wetu, amegoma. Alisimama na mwiko mkononi, akasema: "Mimi simpikii msiba mtu ambaye jana tu kanigombeza kwa chumvi!" Nikamwambia chumvi ilikuwa nyingi kweli. "Unaona? Maiti gani huyu?" Watu wakaangua kicheko. Baadaye nikamkuta anaosha ngano ya bokoboko, ameupa mlango mgongo. Hakunijibu salamu.

Nimeyapitia maneno yote ya kisomo. Nayajua. Pale penye jina husemwa jina la marehemu, la baba yake na la mama yake. Sherdil aliniambia wao husema tu "huyu jamaa yetu".

Jamaa yetu!

Jumamosi, 12 Novemba

Imefanyika jana, jua likiwa bado juu ya mlima.

Tulikaa ndani, kati ya nguzo tano za nyumba, kila mtu mahali pake. Mwanga ulishuka kutoka dirisha la paa. Kichwa changu kimenyolewa, nasikia baridi ya kila pumzi ya jirani. Sherdil alipiga rubabu, na kwa mara ya kwanza hakukosea. Nilisoma. Hakuna khalifa, msomaji wa misiba, ambaye angekubali kuja kwa jambo kama hili, hivyo nilisoma mwenyewe, kwa sauti ileile niliyowasomea majirani zangu waliokufa. Nilipofika penye jina nikalitamka: Imomdod, mwana wa Qozibek na wa Zevar.

Hapakuvuma upepo. Hakuna kilichoanguka. Moto ulisimama wima, kimya, na wote wakaanza kulia.

Siyo kile kilio cha vikao. Kilio cha msiba. Sherdil alinyoosha mkono juu ya moto, akajipangusa uso, akasema: Mungu amrehemu, alikuwa mkali lakini alikuwa mtu. Nikangoja acheke. Hakucheka. Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni mwake, goti langu likigusa lake.

Zamu yangu ilipofika nikanyoosha mkono. Sikusikia joto.

Bokoboko likapakuliwa. Bibi Niyozmo, ambaye hajawahi kukosea hesabu ya mabakuli, alikosa bakuli langu. Aliponiona nimekaa mikono mitupu alishtuka, akasema: "Karibu, mgeni."

Jina langu jipya ni Navjuvon. Maana yake kijana mpya. Mzee wa meno saba!

Jumatatu, 14 Novemba

Goti haliumi. Nimepanda na kushuka ngazi za stoo mara kadhaa kwa furaha tu. Haliumi hata kidogo.

Na kiu ya unga — hakuna. Wanaosema "imepungua" hawajui. Mimi nimeitafuta. Nimeingiza ulimi pale pengoni ilipokuwa, kama mtu aliyeng'olewa jino. Pameziba, laini.

Usingizi mzuri. Chakula kitamu. Watu wote ni wema.

Alhamisi, 17 Novemba

Qoplon, mbwa wa nyumba, alikuwa akinibwekea kila asubuhi kwa sababu ya mkongojo wangu. Sasa mkongojo sina, naye habweki. Hanusi pia. Leo nilisimama njiani mwake nikampigia mluzi. Akanizunguka kama watu wanavyozunguka nguzo.

Katika kikao Sherdil alisema jambo kwa makosa matatu. Niliyasikia yote. Yalipita mbele yangu kama magari ya watu wengine. Nikamwambia, asante kwa kutushirikisha. Akanitazama.

"Ustadh, unaumwa?"

"Navjuvon," Khudoyor akamkumbusha.

"Samahani. Kijana, unaumwa?"

Siumwi. Ila jana nilitaka kumkumbuka mke wangu. Nayajua yote: alikuwa mshonaji, alikufa mwezi wa Machi, alipenda tufaha zilizosinyaa. Nayajua kama anavyoyajua mtu aliyehadithiwa.

Nimepewa kazi ya lango. Ni heshima. Anayekuja kuomba kuingia hukaa kwenye kiti cha mbao nje ya lango, baridi au jua. Mlinzi wa lango humwambia mara tatu: hatukujui. Mara ya tatu mgeni akiinuka na kuondoka, ameondoka. Akibaki na kupiga kelele kuomba msaada, lango hufunguliwa. Miezi mitatu iliyopita nilikaa kwenye kiti hicho mimi. Naambiwa kelele zangu zilisikika hadi ng'ambo ya mto, na zilikuwa na ufasaha.

Jumapili, 20 Novemba

Simu. Oshurmo alipokea, akauliza: "Nani mwenzangu?" Nikamwambia ni baba. Akauliza tena: Umepata mafua, baba? Nikamwambia ni mzima kabisa. Nikamweleza habari za goti, usingizi, kiu iliyokwisha. Nilidhani atapiga vigelegele.

"Sauti yako imekuwa nzuri sana," alisema. "Kama ya mtu wa redioni."

Kisha akanisimulia habari za soko, na katikati akasema kosa moja, baya, lile ambalo tangu utotoni nilikuwa nikimkemea kwalo. Alilisema polepole. Akangoja.

Nikamwambia: umesema vizuri, mwanangu.

Nilimsikia akipumua. Nikasikia bakuli likiwekwa mezani kule nyumbani kwangu. Kisha akasema, kwa adabu ile tunayowapa wageni wa makamo: haya, mzee wangu, tutaonana Mungu akipenda.

Mzee wangu.

Nimeirudia mara nyingi jioni hii. Nangoja iniume. Nangoja tu.

Jumanne, 22 Novemba

Theluji imekaa. Asubuhi Bibi Niyozmo alikuja langoni akiwa na unga wa ngano mpaka viwikoni. Akasema mzee mmoja alifika mlango wa nyuma wa jikoni, akaomba mkate. Alikuwa anachechemea. Bibi alimpa mkate wa moto na chai ya maziwa na chumvi. Mzee akala akiwa amesimama.

"Anachechemea mguu gani?"

"Kushoto. Tena ana ulimi huyo! Nimempa chakula changu halafu ananikosoa namna nilivyomkaribisha. Nikamwambia, mzee, tulikuwa na mwenzako hapa, mngepatana sana."

"Akasemaje?"

"Alitazama juu, dirisha lako. Halafu akasema, mwambieni hajui kukunja blanketi."

Nilimwuliza kuhusu koti. Jeusi, akasema, lina tope kavu. Kifungo kimoja cheupe.

Nikaenda kwenye mpopla. Theluji juu ya shimo ilikuwa nzima, haina hata alama ya ndege. Nikamwita Sherdil, tukachimba kwa mtaimbo kwa sababu ardhi imeganda kama chuma. Makoti ya wenzetu yote yapo, yamekunjwa, moja juu ya jingine. Langu halipo. Nafasi yake ipo, bapa, katikati.

Sherdil alifukia haraka. Hakutoa utani hata mmoja njiani.

Nimepanda chumbani. Blanketi langu limekunjwa vibaya. Kweli. Sijui tangu lini.

Ijumaa, 25 Novemba

Niandike kwa utaratibu.

Mchana Khudoyor aliniita ofisini, simu iko mezani imefunguliwa sauti. Alinionyesha kwa kidole: nyamaza. Ilikuwa sauti ya Oshurmo.

Alikuwa amekasirika. Alisema, kwa nini mmemtoa baba yangu kabla ya siku? Kwa nini mmemwachia ashuke mlimani kwa miguu kwenye theluji na goti lile? Amefika jana, amelowa. Anatetemeka, arosto imemshika, hajapona huyu, mnasema mmemtibu nini? Lakini ni yeye! Amekaa hapa, ameshachukua daftari la mwanangu, amelijaza wino mwekundu. Ameukemea mlango kwa kulia bawaba. Nilijua kuna kosa, alisema. Jumapili nilizungumza na mtu, sijui mlinipa nani.

Nikashindwa kunyamaza. Nikasema: Oshurmo, mwanangu, ni mimi.

"Nani huyo?"

"Baba yako."

Nyuma yake nikamsikia mzee akikohoa, kikohozi kikavu chenye kuvuta mwishoni. Kisha akauliza kwa mbali: nani anapiga kelele hivyo kwenye simu, na kwa nini hasemi shida yake kikamilifu?

Binti yangu akasema nami taratibu, kama anavyosemeshwa mgonjwa. "Mzee wangu, shikamoo. Mungu akuponye na wewe. Lakini baba yangu yuko hapa."

Akamwambia Khudoyor kwamba keshokutwa, barabara ikisafishwa, atamrudisha. Mummalizie matibabu, nitamchukua tena akiwa mzima. Akakata.

Khudoyor alikaa akipangapanga karatasi zilizokwisha kupangwa. Nikamwuliza kama jambo hili limewahi kutokea. Akasema limetokea mara moja tu.

Mara hiyo ilikuwa yake. Taa hakuibuni yeye. Wakati alipokuwa mtumiaji na ameiba hadi sufuria ya nyumbani, mama yake alimchoka. Aliwaita majirani, akachinja mbuzi wake wa maziwa, akamwashia taa akiwa hai, kwa hasira, kwa kila kanuni. Asubuhi Khudoyor aliamka kwenye zizi la jirani, hana kiu.

"Nikaleta desturi hapa. Kwa mshumaa. Kwa mshumaa huwa haiji kitu, watu wanalia kidogo, wanajisikia wepesi, basi. Sikujua ilikuwa kwa sababu ya mshumaa."

"Na wako alikuja?"

"Alikuja kwa mama. Anatetemeka, mchafu, anaomba pesa. Mama akampa chai. Nikatoka ndani nikamwambia simjui. Mara tatu. Akaenda mtoni."

"Kisha?"

"Maji ya mwezi wa Desemba, Ustadh." Ni mara ya kwanza kuniita hivyo tangu taa. "Mama alimlilia miaka miwili. Yeye, siyo mimi. Mimi ananiita bwana. Ananiambia, wewe bwana ni mtu mwema, Mungu akulipe."

Lile neno nililolitafuta mwanzoni mwa mwezi nimelipata. Siyo mwema. Ni mpangaji katika nyumba ya mtu.

Jumamosi, 26 Novemba

Kwa hiyo kesho watakuja, na mlinzi wa lango ni mimi.

Kanuni iko wazi. Nikisema mara tatu hatukujui, ataondoka. Namjua: hatapiga kelele mara ya pili kwenye kiti kilekile, ana kiburi. Ataushika mkono wa Oshurmo, atamwambia asilie hovyo, atashuka mtoni kwa mguu mmoja mbovu. Nitabaki mimi. Goti zima, usingizi mzuri, hakuna kiu hadi kufa. Na Oshurmo ataniita mzee wangu, atanipa chai, na macho yake yatatazama mlango nyuma yangu.

Nikisema nakujua —

Sherdil alikuja kukaa nami langoni na birika. Nilimweleza yote. Alinywa kwanza.

"Ukisema unamjua, atarudi na kila kitu. Kutapika, kutetemeka, kuta kutambaa. Umesahau?"

Nikamwambia ndiyo, nimesahau. Ndilo tatizo.

"Mimi sijasahau. Kila asubuhi nikiamka nautamani. Kila asubuhi, Ustadh! Naenda kupasua kuni nikiutukana. Unajua mimi waliniwashia kipande cha mshumaa, tena kilizimika, wakawasha kwa kiberiti cha sigara. Ndiyo maana nimebaki mshenzi yuleyule." Akafikiri. "Mama yangu ananijua hata nikikohoa. Namshukuru Mungu kwa ule mshumaa."

Nikamwuliza ana muda gani bila unga.

"Kumzidi Khudoyor miezi miwili; mimi nilikuwa humu kabla hajaileta taa," akasema. "Sema hujasikia kwangu. Ataninyima rubabu."

Sentensi yake moja ilikuwa na kosa. Nililiona likipita. Safari hii niligeuza kichwa kulifuata.

Nikajaribu kumwambia. Mdomo ukafunguka, neno halikuja.

Jumapili, 27 Novemba

Naandika katika kibanda cha lango, penseli kwa sababu wino umeganda.

Kikao cha asubuhi kimekwisha. Khudoyor alisimama mbele ya wote, akasema leo lango liko mikononi mwa Navjuvon na nyumba inamwamini. Kisha aliponipita mlangoni aliniambia polepole nisiogope, sauti haitatoka kwangu, itatoka yenyewe: hatukujui, hatukujui, hatukujui. Kwake ilitoka yenyewe. Aliponigusa bega sikusikia uzito wa mkono. Nadhani naye hakusikia bega.

Bibi Niyozmo ameleta mabakuli mawili ya bokoboko, ameyafunika. Nikamwuliza moja la nani. "Yote ya Ustadh," akasema. "Mimi sijui hesabu zenu. Mtagawana."

Kiti cha mbao nimekipangusa theluji. Nimetandika blanketi juu yake. Kanuni hairuhusu. Nimelikunja mara nne, nikalikunjua, nikalikunja upya. Bado siyo sawa.

Gari linapanda. Naliona kwenye kona ya chini, jekundu, la jirani yetu wa sokoni. Linateleza, linashika. Watu wawili mbele. Nyuma kuna kitu cheusi, kimekaa wima mno.

Nimejaribu sauti. Nimesema peke yangu humu kibandani: nakujua. Imetoka hatu—. Nimejaribu tena. Imetoka hatu—. Ulimi unakwenda wenyewe kwenye lile neno kama punda kwenye zizi.

Kona ya pili.

Qoplon ameinuka. Amekwenda langoni, mkia wote hadi kiunoni unatikisika, analia kwa sauti ambayo sijaisikia tangu taa. Sasa anabweka. Anaubwekea mkongojo ambao bado hajauona.

Kona ya mwisho. Nimesimama ili niwaone vizuri, na nilipokuwa nasimama —

Goti. La kushoto.

Kidogo tu, kama msumari unaojaribiwa. Nimekaa. Nimesimama tena makusudi. Lipo! Linauma! Mkono unaanza kutetemeka, angalia herufi zinavyokwenda, na chini ya ulimi kuna uchungu ninaoujua, na tumbo — ee Mola, ile kiu, ileile, inapanda mlima pamoja nao. Machi. Ilikuwa mwezi wa Machi, mke wangu alikuwa anamenya tufaha lililosinyaa, akaniambia kwa sauti yake, ile ya kukwaruza kidogo — kifungo cheusi hakipo, utavaa hiki na utanyamaza.

Gari limesimama. Khudoyor ametoka barazani, amekunja mikono, anatazama midomo yangu.

Mlango wa mbele umefunguka. Oshurmo anashuka. Anamwambia mtu wa nyuma angoje, utelezi, baba, ngoja nikushike. Ndani ya gari sauti inamjibu kwamba mtu hushikwa akianguka, siyo kabla.

Anakuja kwenye kibanda. Ameniona. Ananiamkia kama mgeni, shikamoo mzee wangu, na katika salamu yake ameweka lile kosa, lile baya, bila kukusudia, kwa baridi na uchovu tu, na linaniuma, na mdomo unafunguka kumsahihisha, na mimi